Kisa cha Kris Bryant: Siku 171 Zilizoipa Chicago Cubs Mwaka Mzima

Tarehe 17 Aprili 2015 Kris Bryant alicheza mchezo wake wa kwanza katika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, akiwa na Chicago Cubs nyumbani Wrigley Field dhidi ya San Diego Padres. Msimu ulikuwa umeshatimiza siku 12. Kuanzia siku hiyo hadi pazia lilipofungwa tarehe 4 Oktoba kuna siku 171, na kanuni za ligi zinasema mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172. Upungufu wa siku moja uliipa Cubs haki ya kumshikilia hadi mwisho wa msimu wa 2021 badala ya 2020. Chama cha wachezaji kilifungua shauri, shauri likachukua zaidi ya miaka minne mbele ya msuluhishi, na chama kikashindwa.

Hadi leo, ukitaka kuwasha ubishi kati ya mashabiki wa besiboli, taja jina hilo. Wapo wanaosema klabu ilimwibia kijana. Wapo wanaosema ilitumia akili. Wapo wanaosema uamuzi wa msuluhishi ulimaliza kila kitu. Mara nyingi wote wanaanza na hesabu mbovu, kwa hiyo tuanze na hesabu, maadili yatafuata.

Siku zinavyohesabiwa

Msomaji wa soka aweke kando alichozoea. Mchezaji wa Simba au Gor Mahia mkataba wake ukiisha ni mchezaji huru, awe na miaka 20 au 33. Katika besiboli ya Marekani, chipukizi akishachaguliwa kwenye drafti (zamu za klabu kuchagua vijana wapya, zilizofanya vibaya zikitangulia) na kusaini, klabu inaendelea kumshikilia hata kama mikataba yake ni ya mwaka mmoja mmoja. Akishafika Ligi Kuu, uhuru wa kuzungumza na klabu nyingine anaupata akitimiza miaka 6 ya utumishi huko, na miaka aliyosota ligi za chini haimo katika hesabu hiyo.

Siku ya utumishi ni kila siku ambayo jina lake limo kwenye kikosi cha Ligi Kuu au kwenye orodha ya majeruhi ya kikosi hicho. Akae benchi, timu iwe safarini, mvua iahirishe mchezo: siku inahesabiwa. Msimu wa 2015 ulikuwa na siku 183, lakini hesabu ya mchezaji hukomea 172 kwa mwaka. Maana yake anaweza kukosa siku 11 na bado akatimiza mwaka. Akikosa ya 12, mwaka haujatimia.

Mshahara nao una awamu zake. Kabla ya miaka 3, klabu humpa kiasi inachotaka mradi kisishuke chini ya kima cha chini, ambacho mwaka 2015 kilikuwa dola 507,500. Kuanzia miaka 3 hadi 6 anaingia kwenye usuluhishi wa mshahara: klabu inataja kiasi chake, mchezaji anataja chake, na wakishindwa kuelewana jopo linachagua kimoja kati ya hivyo viwili, bila kukata katikati. Kuna mlango wa pembeni uitwao Super Two. Kati ya wachezaji waliovuka miaka 2 lakini hawajafika 3, asilimia 22 wenye siku nyingi zaidi huingia kwenye usuluhishi mapema, wakapata misimu 4 ya usuluhishi badala ya 3. Ukumbuke mlango huu, maana ndipo ubishi mwingi unapopotea njia.

Halafu kuna kanuni ambayo mashabiki wengi hawaijui, na ndiyo iliyofanya siku 12 zitoshe. Mchezaji aliyemo kwenye orodha ya wachezaji 40 wa klabu, akishushwa ligi za chini kwa jumla ya siku pungufu ya 20 katika msimu, hurudishiwa siku hizo kama utumishi. Lau Bryant angekuwa kwenye orodha hiyo, Cubs wangelazimika kumweka chini siku 20 au zaidi ndipo mwaka ukatike. Hakuwamo. Alikuwa kwenye kambi ya maandalizi kama mwalikwa kutoka ligi za chini, na kwa kuwa alisaini mwaka 2013 akitokea chuo kikuu, klabu haikuwa na ulazima wa kumwingiza kwenye orodha ya 40 hadi mwishoni mwa 2016. Kwa hiyo alipoondolewa kambini, kikanuni hakushushwa popote. Alirudishwa alikotoka, na kinga ya siku 20 ikampita kando.

Kijana mwenyewe na alivyopatikana

Bryant alizaliwa Las Vegas Januari 1992, akacheza Chuo Kikuu cha San Diego, na Cubs wakamchagua wa pili katika drafti ya 2013 kwa fedha za kusaini zipatazo dola milioni 6.7. Nafasi hiyo ya pili haikuja bure. Mwaka 2012 Cubs walipoteza michezo 101. Uongozi mpya wa Theo Epstein ulikuwa ukibomoa kikosi kwa makusudi, ukiuza wakongwe na kukusanya vijana, huku mashabiki wakiendelea kulipa viingilio na kuambiwa wavumilie. Mwaka 2013 walipoteza 96, mwaka uliofuata 89. Bryant alikuwa malipo ya uvumilivu huo. Ndiyo maana siku 12 za ziada ziliwachoma hata watu ambao kwa kawaida hawajali mshahara wa mchezaji.

Drafti ni kamari, na mwaka ule ulionyesha vizuri. Houston Astros, waliokuwa wabovu kuliko Cubs, walichagua wa kwanza wakamchukua mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) Mark Appel. Aliumia, akaacha mchezo mwaka 2018, akarudi, na hatimaye akarusha katika Ligi Kuu mwaka 2022 akiwa Philadelphia. Hoja ya klabu inapata nguvu hapa: wanalipa mamilioni kwa vijana wengi ambao hawafiki kokote, kwa hiyo wanaofika lazima wafidie. Lakini mchezaji naye ana hoja hiyo hiyo upande wa pili. Mwili unaweza kukataa wakati wowote, na kila mwaka unaosogezwa mbele ni mwaka ambao huenda asiwe mzima wa kuufaidi.

Mwaka 2014, akipanda kutoka ngazi ya AA hadi AAA, ngazi mbili za juu za ligi za chini, Bryant alipiga homurani 43 (mapigo yanayovuka uzio wa uwanja) kwa wastani wa .325 (sehemu ya zamu zake zilizozaa pigo zuri) na akatajwa mchezaji bora wa mwaka wa ligi za chini. Machi 2015, kwenye michezo ya maandalizi, alipiga homurani 9 kwa wastani wa .425. Mtu anayejua mchezo huu hazitegemei sana namba za Machi. Warushaji wanajaribu mitindo mipya, na nusu ya wanaorusha hawatafika Ligi Kuu. Hata hivyo, homurani 9 katika zamu 40 za kupiga si ushahidi wa mtu ambaye hayuko tayari na fimbo.

Sababu iliyotolewa

Tarehe 30 Machi Cubs walimwondoa kambini. Siku hiyo hiyo waliwaondoa pia Javier Báez na Addison Russell, vijana wengine wawili wa thamani. Sababu iliyotajwa kwa Bryant ilikuwa ulinzi wa besi ya tatu, nafasi yake timu inapolinda: miguu, mpangilio wa mwili anapookota mpira, uthabiti wa kurusha. Epstein aliongeza kwamba haikuwa desturi yake kuanza msimu na mchezaji ambaye hajawahi kugusa Ligi Kuu. Scott Boras, wakala wa Bryant, alikuja juu hadharani, na chama cha wachezaji kikatoa tamko kali siku ile ile.

Tuitendee haki hoja ya ulinzi, kwa sababu haikuwa ya kubuni kabisa. Bryant ana urefu unaokaribia mita 2, na tangu chuo kikuu kulikuwa na shaka kama mtu wa umbo lile anaweza kubaki besi ya tatu au atahamia pembeni ya uwanja wa nje. Shaka hiyo iliandikwa na waskauti kabla mtu yeyote hajaanza kuhesabu siku za Aprili.

Kinachoivunja hoja ni muda. Makosa ya miguu na mkono ya mchezaji wa besi ya tatu hayarekebishwi kwa michezo michache ya Iowa, timu ya Cubs ya ngazi ya AAA. Kama ulinzi ndio ulikuwa tatizo, miezi miwili ingeeleweka. Kama halikuwa tatizo kubwa, siku ya kwanza ingeeleweka. Siku 12 haziingii akilini kwa sababu yoyote ya kimichezo, ila zinakaa sawasawa kwenye kalenda.

Upande wa klabu una jambo moja zito la kujibu: majeruhi. Mike Olt, aliyeanza msimu besi ya tatu, aligongwa na mpira kwenye kifundo cha mkono tarehe 11 Aprili, na Tommy La Stella naye akaumia. Kwa hiyo Cubs waliweza kusema, bila kudanganya, kwamba nafasi ilifunguka na wakaijaza. Jambo hili lilikuja kuwa na uzito mkubwa mbele ya msuluhishi.

Bryant alipoteza nini hasa

Shabiki akisikia "kuibiwa" hufikiria mshahara wa zile siku 12. Gawanya 507,500 kwa 183 unapata takribani dola 2,770 kwa siku, na kwa siku 12 ni kama dola 33,000. Kwa mtu aliyesaini kwa milioni 6.7, hicho si kisa cha kupelekana mbele ya msuluhishi.

Kosa la pili ni kudhani kwamba Cubs walichelewesha pia mishahara ya usuluhishi. Hawakuchelewesha. Kwa kumaliza mwaka wa kwanza na siku 171, Bryant alifika mwisho wa 2017 akiwa na miaka 2 na siku 171. Hakuna anayeweza kuwa na zaidi ya hizo bila kufikisha 3, kwa hiyo alikuwa Super Two bila ubishi. Aliingia kwenye usuluhishi mwaka 2018, mwaka ule ule ambao angeingia kama angeanza tarehe 5 Aprili, siku ya kwanza ya msimu. Klabu inayotaka kukwepa mlango wa Super Two humzuia mchezaji hadi Juni. Cubs walimhitaji kushinda michezo, hawakwenda hivyo.

Mishahara yake baada ya msimu wa kwanza ilikuwa hivi: dola 652,000 mwaka 2016, milioni 1.05 mwaka 2017, milioni 10.85 mwaka 2018, milioni 12.9 mwaka 2019, milioni 18.6 mwaka 2020 (iliyokatwa kwa sababu janga la korona lilifupisha msimu hadi michezo 60 kati ya 162), na milioni 19.5 mwaka 2021. Ukilinganisha njia mbili, ya siku 171 na ya siku 172, misimu yote hadi 2020 inaweza kufanana kabisa. Tofauti ni mwaka 2021 peke yake. Kwenye njia moja analipwa 19.5 na Cubs bila kuwa na pa kwenda. Kwenye njia ya pili yuko sokoni majira ya baridi ya 2020, mwaka mmoja mdogo zaidi kiumri. Umri katika soko hili ni fedha. Klabu inayompa mtu wa miaka 29 mkataba wa miaka 7 inanunua kitu tofauti na inayompa mtu wa miaka 30.

Hapa kisa kinapinda kwa namna ambayo wapiga kelele wa pande zote hupenda kuiruka. Mwaka 2020 Bryant alicheza michezo 34, akapiga kwa wastani wa .206 na homurani 4. Viwanja vilikuwa vitupu, klabu zilikuwa zinalia njaa. Lau angekuwa huru majira hayo ya baridi, angeingia sokoni na msimu mbovu kuliko yote aliyocheza hadi wakati huo. Mwaka mmoja baadaye, baada ya homurani 25, Colorado Rockies walimpa dola milioni 182 kwa miaka 7, wastani wa milioni 26 kwa mwaka. Inawezekana kabisa kwamba siku aliyonyimwa ilimwongezea fedha.

Hilo halimsafishi mtu yeyote. Aliyekuzuia kupanda basi hapati sifa kwa sababu basi lilipinduka. Cubs mwaka 2015 hawakuwa wakimlinda Bryant dhidi ya janga ambalo hakuna aliyelijua. Lakini shabiki anayesema "alipoteza mamilioni" kama jambo lililothibitishwa naye anasema asichoweza kukionyesha. Alichopoteza kwa hakika ni uchaguzi: haki ya kuamua mwenyewe achezee wapi mwaka 2021.

Mkataba wa Rockies wenyewe ni somo lingine. Katika misimu minne ya kwanza Colorado, mgongo na majeraha mengine yalimruhusu kucheza michezo 170 tu kwa jumla, ambayo ni zaidi kidogo ya msimu mmoja kamili. Mashabiki wa Denver, mji wa Rockies, humwona kama mfano wa mkataba mbaya kuliko yote. Watazame mfumo uliouzaa. Ligi inawalipa wachezaji kiduchu katika miaka yao bora, kisha inawalipa sana wakiwa wameanza kuchoka, na baada ya hapo wanaolipa wanalalamika kwamba wamenunua mtu aliyechoka.

Cubs walipata nini

Msimu wa 2015 Bryant alipiga .275, homurani 26, akaingiza mikimbio (pointi) 99, na akachaguliwa chipukizi bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, kwa kura zote. Mwaka uliofuata alikuwa mchezaji bora wa National League kwa jumla, na Cubs wakatwaa World Series, fainali ya Ligi Kuu, ubingwa wao wa kwanza tangu 1908. Mpira wa mwisho wa fainali uliokotwa na yeye mwenyewe, besi ya tatu, akamrushia Anthony Rizzo wa besi ya kwanza. Mtu aliyeambiwa hajui kulinda.

Bei waliyolipa kwa kumkosa mwanzoni ilikuwa michezo 8, ambayo walishinda 5 na kupoteza 3. Mashabiki wengi huishia hapo: michezo 8 ya Aprili kwa msimu mzima wa nyota, nani angekataa? Lakini tazama msimamo wa mwisho wa 2015. Cubs walimaliza na ushindi 97, Pittsburgh Pirates 98. Nafasi ya kuwa mwenyeji wa mchezo mmoja wa mtoano ilikwenda Pittsburgh kwa tofauti ya ushindi mmoja. Cubs walikwenda ugenini wakashinda 4-0 kwa sababu Jake Arrieta alirusha mchezo wote bila kuruhusu mkimbio hata mmoja. Angeteleza usiku ule, zile siku 12 zingekuwa zinasimuliwa tofauti kabisa. Anayefanya hesabu hii leo asihesabu michezo anayoikosa tu, ahesabu pia uzito wa ushindi mmoja kwenye msimamo unaobana.

Na mwaka walioununua, walitumiaje? Waliutumia nusu. Mwaka 2021 Bryant aliwachezea michezo 93, kisha tarehe 30 Julai wakamuuza San Francisco Giants kwa vijana wawili, mrushaji Caleb Kilian na mlinzi wa nje Alexander Canario. Rizzo alikuwa ameuzwa siku moja kabla, Báez akauzwa siku hiyo hiyo. Kati ya Kilian na Canario hakuna aliyejenga nafasi ya kudumu Chicago. Mwaka ambao ulileta shauri la zaidi ya miaka minne uliishia kuwa miezi minne ya besiboli na vijana wawili ambao hawakutimiza matarajio.

Kwa nini chama kilishindwa

Shauri lilifunguliwa mwaka 2015, likasikilizwa vuli ya 2019, na msuluhishi Mark Irvings akalitupa mwishoni mwa Januari 2020. Kipindi chote hicho Bryant alikuwa bidhaa isiyo na lebo. Klabu zilizotaka kumnunua majira ya baridi ya 2019 hazikujua zinanunua msimu mmoja au miwili, na Cubs hawakujua wanauza nini. Ucheleweshaji wa shauri uliziumiza pande zote mbili.

Ugumu wa kesi ulikuwa wa kimsingi. Hakuna kifungu kinachosema klabu lazima impandishe mchezaji siku atakapokuwa tayari, na hakuna kipimo rasmi cha "kuwa tayari". Chama kililazimika kuthibitisha nia: kwamba sababu ya ulinzi ilikuwa kifuniko, na kwamba kalenda ndiyo iliyoamua. Klabu haikuhitaji kuthibitisha kwamba ulinzi ulikuwa sababu pekee. Ilihitaji kuonyesha tu kwamba ulikuwa sababu ya kweli, na ilikuwa na ripoti za waskauti, makocha wa kutoa ushahidi, na majeruhi wawili wa Aprili. Mtu yeyote mwenye nafasi ya kuamua anaweza kupata sababu mbili kwa kila uamuzi. Anayetunza kumbukumbu vizuri ataitaja ile inayokubalika.

Kwa hiyo wanaosema uamuzi ule ulithibitisha kuwa Cubs walikuwa waaminifu wanausoma kupita kiasi. Ulisema kwamba ushahidi wa chama haukutosha. Mwaka mmoja tu baadaye, Februari 2021, rais wa Seattle Mariners Kevin Mather aliwaambia wanachama wa Rotary, kwa mtandao, mambo ambayo viongozi wengine huyasema faraghani: kwamba vijana wao hawakupandishwa mwaka 2020 kwa sababu klabu haikutaka saa yao ya utumishi ianze, na kwamba Jarred Kelenic alikuwa amekataa mkataba wa muda mrefu. Video ilipovuja alijiuzulu ndani ya siku chache. Kilichomfukuza si tendo, maana klabu nyingi zilikuwa zikilifanya. Ronald Acuña Jr. alipandishwa na Atlanta tarehe 25 Aprili 2018, Vladimir Guerrero Jr. na Toronto tarehe 26 Aprili 2019, na George Springer na Houston tarehe 16 Aprili 2014. Kilichomfukuza ni kulitamka, pamoja na dharau alizotoa kwa wachezaji, ikiwamo Kiingereza cha Julio Rodríguez.

Naiona kashfa ya Cubs hapo hapo. Kutumia kanuni inayokuruhusu si wizi. Ila kumwambia kijana wa miaka 23 kwamba hajui kulinda, mbele ya nchi nzima, ili usiitaje kalenda, ni kumchafulia jina la kazi kwa faida yako. Na utetezi wa kwamba vilabu vidogo haviwezi kuishi bila hila hii hauwahusu kabisa. Majira yale yale ya baridi Cubs walikuwa wamempa mrushaji Jon Lester dola milioni 155. Chicago si Pittsburgh.

Wala si kwamba haiwezekani kufanya vingine. Mwaka 2019 San Diego walianza msimu na Fernando Tatis Jr., New York Mets wakaanza na Pete Alonso, saa ya utumishi ikahesabu kuanzia siku ya kwanza. Miaka miwili baadaye Tatis alisaini San Diego kwa miaka 14 na dola milioni 340.

Kilichobadilishwa mwaka 2022

Waajiri walipowafungia wachezaji milango kwa siku 99 na mkataba mpya wa hali bora kati ya ligi na chama kufikiwa tarehe 10 Machi 2022, chama kilikuwa kimejifunza kwamba nia haithibitishiki. Kikaacha kufuatilia nia, kikabadilisha bei.

Sasa mchezaji anayemaliza wa kwanza au wa pili katika kura za chipukizi bora wa ligi yake hupewa mwaka mzima wa utumishi hata kama alipandishwa kwa kuchelewa. Kanuni hii ingekuwepo 2015, siku 12 za Cubs zingekuwa bure. Upande wa pili kuna zawadi. Klabu ikimpandisha mapema chipukizi aliyemo kwenye 100 bora za angalau mbili kati ya orodha tatu zinazotambuliwa (Baseball America, ESPN na MLB, yaani Ligi Kuu yenyewe), akatimiza mwaka kamili na akashinda tuzo ya chipukizi bora, au akaingia tatu bora za mchezaji bora au mrushaji bora kabla ya kufika usuluhishi, klabu inapata uteuzi wa ziada baada ya raundi ya kwanza ya drafti. Zaidi ya hayo, mfuko wa dola milioni 50 kwa mwaka hugawiwa wachezaji ambao hawajafika usuluhishi. Chipukizi bora anachukua dola 750,000, mchezaji bora wa ligi milioni 2.5.

Matokeo yanaonekana. Seattle, klabu ile ile ya Mather, ilimwanzisha Rodríguez siku ya kwanza ya 2022, akashinda tuzo, nao wakapata uteuzi. Arizona waliupata kwa Corbin Carroll, Baltimore kwa Gunnar Henderson. Aliyechelewa alilipa: Pittsburgh walimpandisha mrushaji Paul Skenes tarehe 11 Mei 2024, akawa chipukizi bora wa National League, akapewa mwaka mzima, na klabu ikakosa uteuzi. Walipoteza pande zote mbili.

Kanuni mpya haiwagusi wote, na hapa ndipo shabiki anapaswa kuangalia kalenda. Tuseme msimu una siku 186. Ukimzuia siku 14 bado anafikia 172, ukimzuia 15 anabaki na 171. Chipukizi asiye kwenye orodha ya 40, ambaye ni mzuri lakini si wa kumaliza wawili bora kwenye kura, bado anaweza kuzuiwa siku hizo 15 bila klabu kupoteza chochote. Nyota wakubwa wamekingwa. Walio chini yao kidogo hawajakingwa, na hao ndio wengi. Kijana anayeanzia mbali zaidi, kama Waganda Ben Serunkuma na Umar Male waliosainiwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, akifika juu ataingia katika kundi hilo la pili kabla hajaota la kwanza. Na njia ya kufika huko si ya kitajiri: mkataba wa kwanza wa chama kwa wachezaji wa ligi za chini, wa 2023, uliweka dola 35,800 kwa mwaka kwa ngazi ya AAA.

Klabu zenye haraka zimepata njia nyingine, ambayo huenda ni ghali zaidi kwa mchezaji kuliko siku 12. Desemba 2023 Milwaukee Brewers walimsaini Jackson Chourio, miaka 19, ambaye hakuwa amecheza hata mchezo mmoja wa Ligi Kuu, kwa dola milioni 82 za miaka 8, klabu ikiwa na hiari ya kuongeza miwili. Alianza siku ya ufunguzi wa 2024, kwani siku za utumishi hazikuwa na maana tena kwa klabu: miaka 6 ilikuwa yao tangu awali, na sasa wamenunua hadi minne ya uhuru wake kabla hajashika fimbo. Chourio ana dola milioni 82 ambazo goti likivunjika hazimtoki. Brewers wana haki ya kubaki naye hadi msimu wa 2033.